Kuzifuma seli nyeupe zikiwasha jeni zake

Kijana mmoja wa fildi aliwahi kuniletea kisanduku cha tyubu kumi na mbili, uso umemchanua. Kila tyubu ameiandika kwa kalamu isiyofutika: "saa 1", "saa 2", "saa 4". Nikamwuliza, "Hii saa 4 ni baada ya kuweka kichocheo, au saa nne ya ukutani?" Akaangalia tyubu, akaangalia saa, akaniangalia mimi. "Mama, nyingine hivi, nyingine vile." Na saa ya inkubeta, ambayo ndiyo aliyoifuata mchana kutwa, inasoma kizungu: 4:00 yake ni saa kumi yetu. Damu ya watu wawili, pamoja na vitendanishi vilivyosafiri kutoka Dar ndani ya barafu, vyote vikaishia kwenye ndoo ya taka.

Tangu siku hiyo, kwenye benchi langu muda unaandikwa kwa dakika: 0, 30, 60, 120, 240, 480. Neno "saa" nimelipiga marufuku kwenye tyubu. Ukutani liendelee, kwenye tyubu hapana.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu jaribio ninaloeleza hapa, la kupima jinsi seli za kinga za binadamu zinavyowasha na kuzima jeni wakati wa inflamesheni, ni jaribio la muda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vifaa vyake ni vya kawaida. Maabara yoyote hapa Dodoma yenye sentrifyuji, kabati la usalama, inkubeta na mashine ya PCR (ya kuzidisha vipande vya jeni ili vihesabike) inayosoma kwa wakati halisi inaweza kulifanya. Wengi wanaoshindwa hushindwa kwa kuwa seli ziliamka kabla wao hawajawa tayari, au kwa kuwa walizikamata zikiwa zimeshamaliza kusema.

Tunawinda nini hasa

Ukichomwa na mwiba wa mgunga asubuhi ukichunga mbuzi kule Chamwino, jioni kidole kimevimba, chekundu, kina moto na kinapwita. Mrumi mmoja aitwaye Celsus aliziandika dalili hizo nne karibu miaka elfu mbili iliyopita. Sisi maabara tunaita hali hiyo inflamesheni. Asichokiona mchungaji ni kwamba dakika chache baada ya mwiba kuingia, ndani ya seli nyeupe zilizo karibu kumeanza pilikapilika za kunakili jeni ambazo zilikuwa kimya.

Kwa kuwa tuko mji wa ofisi, nitumie mfano wa ofisi. Kiini cha seli ni masjala. Ndani yake mna mafaili kama 20,000 ya kutengenezea protini, na seli ya ini ina masjala ileile iliyo nayo seli nyeupe. Tofauti ni faili lipi liko mezani na lipi liko kabatini. Uzi wa vinasaba (DNA), ambao ukiunyoosha unafika kama mita mbili, umezungushwa kwenye vigurudumu vya protini viitwavyo histoni, herufi 147 kwa kila kigurudumu. Palipobanwa sana pameshajifunga. Kwenye monosaiti, aina ya seli nyeupe tunayoitegemea zaidi hapa, kuna protini iitwayo PU.1 ambayo kazi yake ni kama ya karani mzoefu: mafaili ya dharura huyaacha wazi mezani hata kabla ya dharura kutokea. TNF na IL6 ni jeni za protini zinazochochea inflamesheni. Ndiyo maana jeni ya TNF inawaka ndani ya nusu saa, ilhali IL6 inachelewa: faili lake lazima kwanza litolewe kabatini na kufumuliwa.

Anayekuja kuagiza mafaili hayo yanakiliwe ni protini iitwayo NF-κB. Ranjan Sen na David Baltimore ndio waliomtangaza mwaka 1986. Siku za kawaida hukaa nje ya kiini, ameshikwa mkono na mlinzi aitwaye IκBα. Kengele ikilia, mlinzi anatiwa alama, anasagwa, na NF-κB anaingia masjala. Na hapa pana jambo linalonifurahisha kila mwaka ninapolifundisha: miongoni mwa mafaili ya kwanza anayoagiza yanakiliwe ni la NFKBIA, yaani la kumtengeneza mlinzi mpya wa kuja kumtoa yeye mwenyewe. Kuzima kumeanza palepale kulipoanza kuwaka. Usipopima NFKBIA umeona nusu tu ya habari.

Mtoa damu

Kibali cha maadili kwanza, na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili ambacho mtoa damu anakisoma akakielewa. Hilo silirefushi, usipokuwa nalo usiendelee kusoma.

Chukua mililita 30 kwenye tyubu za EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, zile za kifuniko cha zambarau. Heparini nayo inafaa kwa seli, ila ikibaki kidogo huisumbua PCR, na mimi sipendi kubeba mzigo ninaoweza kuuacha nyuma. Damu yote ichukulie kama ina maambukizi: glavu, koti, kabati la usalama, na chanjo yako ya homa ya ini B iwe imekamilika.

Mtoa damu asiwe na mafua, malaria wala jino bovu. Asiwe ametumia deksamethasoni, prednisoloni, aspirini au ibuprofeni siku za karibuni, wala asiwe amechanjwa wiki hizo. Uliza kwa majina ya mtaani pia. Ukiuliza "umetumia dawa ya kuzuia inflamesheni?" atasema hapana. Ukiuliza "umemeza chochote cha mgongo au kichwa wiki hii?" atakumbuka.

Damu ichukuliwe saa ileile kwa kila mtu. Mimi huchukua saa mbili asubuhi. Kotisoli, homoni ya mwili, huwa juu asubuhi na hushuka jioni, na kotisoli huzituliza seli hizi. Ukichukua mmoja asubuhi na mwingine jioni umepima jua, hukupima watu. Tena aketi robo saa kwanza. Mwenzetu mmoja aliwahi kuja mbio kutoka Kikuyu, hapahapa mjini, kwa kuhofia kuchelewa. Hesabu ya seli zake nyeupe ilikuwa juu hata tukadhani anaumwa. Tulimrudia kesho yake akiwa amekuja na bajaji, hesabu ikawa ya kawaida. Mazoezi hubandua seli zilizokuwa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa na kuziingiza kwenye mkondo.

Kuzitenga

Changanya damu na PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) nusu kwa nusu. Weka mililita 15 za Ficoll, majimaji mazito ya kutenganishia seli, yenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita kwenye tyubu ya mililita 50, kisha miminia damu juu yake taratibu, ukiinamisha tyubu, kama unavyomimina mafuta ya alizeti kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Zisichanganyike. Zungusha kwa 400 g, dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Ni g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika. Mizunguko inategemea urefu wa mkono wa sentrifyuji yako, kwa hiyo namba ya maabara ya jirani haikufai.

Joto la Ficoll linajalisha kuliko vijana wanavyodhani. Inatakiwa iwe kwenye nyuzi 20 hivi. Mwezi wa Oktoba na Novemba, chumba kisicho na kiyoyozi hapa kwetu kinavuka 30 mchana, Ficoll inakuwa nyepesi, na seli unazozitaka zinazama chini yake. Ukiitoa kwenye jokofu ukaitumia hapohapo, inakuwa nzito na granulosaiti, kundi jingine la seli nyeupe, zinabaki juu kuchafua mavuno. Asubuhi za Julai nazo zina baridi yake. Weka kipimajoto mezani, usikisie.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, usifungue kwa hasira. Ikiwa imeshafika dakika ya 25, iache isimame yenyewe, kwani hata hivyo breki ulikuwa umeizima. Mara nyingi utando unakuwa umeshakaa sawa. Ikikatika dakika ya 5, subiri umeme, zungusha upya dakika 30 kamili, na uandike kwenye daftari kwamba ilitokea.

Utando unaoutafuta uko katikati, mweupe kama ukungu, chini ya plazma ya manjano. Unyonye kwa pipeti bila kuzama kwenye Ficoll. Osha mara mbili kwa PBS, 300 g dakika 10, kisha mara ya tatu kwa 200 g ili chembe sahani zibaki juu na kumwagwa. Hesabu chini ya darubini kwa rangi ya tripani bluu. Zilizokufa zinaingia rangi. Zaidi ya 95 kwa mia ziwe hai. Mililita moja ya damu hukupa seli kati ya milioni 1 na 2, na humo monosaiti ni kama kumi hadi ishirini kwa kila mia. Zilizobaki nyingi ni limfosaiti, nazo ni seli nyeupe.

Neutrofili, ambazo ndizo nyingi kuliko seli nyeupe zote kwenye damu, zimelala chini kabisa pamoja na chembe nyekundu, nawe umezimwaga. Zina njia yake ya kuzitenga, tena zinakufa haraka. Leo tuziache.

Maji yaliyotuadhiri

Kuna mwaka tyubu yetu ya dakika 0, ile ya seli ambazo hazijaguswa na kitu, ilikuwa inapiga kelele. TNF juu, IL1B, jeni nyingine ya inflamesheni, nayo juu. Ukiweka kichocheo inapanda kidogo tu, kwa sababu imeshapanda. Tulibadilisha mtoa damu, tukabadilisha serumu, tukabadilisha mtu wa kufanya kazi. Hata mimi niliambiwa huenda mkono wangu umezeeka.

Ilikuwa PBS. Tulikuwa tunaitengeneza wenyewe kwa maji ya maabara na kuipitisha kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), tukiamini kuwa imekuwa safi. Bakteria walikuwa wamekufa kweli. Lakini lipopolisakaridi, mafuta yaliyo kwenye ganda la nje la bakteria wa Gramu hasi, haifi kwa otoklevu, kwa sababu haikuwa hai tangu mwanzo. Na hiyo lipopolisakaridi ndiyo kichocheo chetu chenyewe! Seli zina mlango unaoitambua, TLR4; kazi ya Bruce Beutler iliyotoka mwaka 1998 ndiyo iliyouonyesha kwa panya, na mwaka 2011 akashiriki Tuzo ya Nobel. Kwa seli ya binadamu, chembe ndogo mno ya kitu hicho inatosha kupiga kengele. Tulikuwa tunaziosha seli kwa kengele.

Kwa hiyo: nunua PBS, midia (chakula cha seli) na serumu zilizoandikwa kiwango chake cha endotoksini, jina jingine la lipopolisakaridi, na tumia plastiki mpya. Vyombo vya kioo unavyolazimika kutumia, vioke kwenye oveni kavu nyuzi 250 kwa dakika 30. Otoklevu haitoshi. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu juu ya sinki, na bado kila mwaka yupo anayeniuliza kama akichemsha mara mbili haitasaidia.

Kuhesabu kinyumenyume

Tumia midia ya RPMI yenye serumu ya ng'ombe asilimia 10. Serumu usiiache, kwani ndani yake mna protini inayoibeba lipopolisakaridi na kuikabidhi kwa CD14, protini iliyo juu ya seli, naye CD14 akaipeleka TLR4. Bila serumu seli zinakuwa kama zina nta masikioni. Weka seli milioni 2 kwa kila kishimo kwenye pleti, vishimo viwili kwa kila muda, jumla vishimo 12. Ziache zipumzike saa nzima kwenye inkubeta, nyuzi 37, hewa ukaa asilimia 5.

Kupumzika huko si adabu tu. Kuzungushwa na kuoshwa kumezisumbua, na monosaiti zikigusa plastiki hujishikiza, na kule kujishikiza kwenyewe huwasha jeni kama IL1B. Zina masikio kila mahali. Ukitaka kujua umezisumbua kiasi gani, pima jeni ya FOS, inayowaka upesi seli ikisumbuliwa, kwenye tyubu ya 0. Hiyo ndiyo mbeya wa maabara, inasema kila kitu.

Njia ya vitabuni ni kuweka kichocheo kwenye vishimo vyote kwa pamoja, halafu kuvuna kimoja kimoja kadiri muda unavyopita. Mimi nafanya kinyume. Naweka kichocheo kwa zamu na kuvuna vyote kwa mpigo, ili seli zote ziwe zimekaa kwenye plastiki muda uleule na tofauti pekee iwe ni muda wa kichocheo. Siku yangu iko hivi: saa sita mchana naweka kwenye vishimo vya 480. Saa kumi jioni, vya 240. Saa kumi na mbili, vya 120. Saa moja usiku, vya 60. Saa moja na nusu, vya 30. Vya 0 havipati kitu ila midia tupu kiasi kilekile. Saa mbili kamili usiku navuna vyote. Mwenye watoto wadogo apange na watu wa nyumbani mapema.

Lipopolisakaridi iwe nanogramu 10 kwa mililita. Hunata kwenye kuta za tyubu, kwa hiyo kabla ya kuipima itikise kwa voteksi dakika nzima. Wengi huweka 100 au hata 1,000 wakidhani zaidi ni bora. Kwa seli za damu 10 inazisimamisha wima. Na kila unapofungua inkubeta kwa zamu, funga haraka, usisimame mlangoni ukisimulia habari za jana.

Mavuno, na hadithi ya mlenda

Limfosaiti zinaelea, monosaiti zimeshika chini. Nyonya majimaji pamoja na zinazoelea, zungusha kwenye ubaridi, hifadhi majimaji ya juu kwenye friza kwa ajili ya kupima protini baadaye. Kisha mwaga TRIzol, dawa ya kupasua seli, kwenye kishimo kukwangua zilizoshika, na TRIzol hiyohiyo imimine juu ya zile ulizozungusha. Nusu mililita inatosha. Fanya haraka: seli zinaendelea kunakili hadi sekunde inayoziua.

Seli zikipasuka, majimaji yanakuwa mazito na yanavutika kama mlenda. Wanafunzi waliokulia Kongwa na Mpwapwa nikiwaambia hivyo hucheka, ila ndiyo hali halisi. Hivyo ni vinasaba vimefumuka. Vipitishe kwenye sindano nyembamba mara tano sita mpaka mlenda ukatike.

Ukishafika hapa umeshuka salama. RNA, yaani zile nakala za jeni, ndani ya TRIzol haikatwi na kimeng'enya chochote, hata umeme ukienda usiku kucha. Weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na nenda nyumbani ukale. Ila sikiliza: taka za TRIzol usizimwagie jiki. Jiki ikikutana na guanidini iliyomo humo hutoa gesi ya sumu. Ziwe na chupa yake yenye jina. Fenoli iliyomo nayo inaunguza ngozi, tena mwanzoni haiumi; usingoje iume ndipo uoshe.

Kesho yake: klorofomu mililita 0.2 kwa kila mililita ya TRIzol, tikisa sekunde 15, zungusha 12,000 g kwa dakika 15 nyuzi 4. Chukua maji ya juu tu. Ule utando mweupe wa katikati una vinasaba. Ukiugusa kwa tamaa ya kupata tone moja zaidi, utalilipa tone hilo wiki nzima. Isopropano ya kuigandisha RNA, ethano ya asilimia 75 ya kuiosha, kausha kidogo, yeyusha kwenye maji yasiyo na vimeng'enya. Badilisha glavu kila ukishika simu, mlango au pua. Pima usafi wake kwa mwanga wa nanomita 260 na 280: uwiano wa 260 kwa 280 uwe karibu na 2. Tumia DNase kusafisha mabaki ya vinasaba, kisha geuza RNA kuwa nakala ya DNA, nanogramu 500 zilezile kwa kila tyubu.

PCR na hesabu yake

Kila tyubu inahitaji jeni ya kupimia mizani, isiyobadilika seli zikiamshwa. Hapa watu wengi huchukua GAPDH kwa mazoea. GAPDH ni kimeng'enya cha kuchoma sukari, na monosaiti ikiamshwa hubadili namna ya kuchoma sukari. Ndiyo mizani inayotembea. B2M nayo hupanda ikisikia intafironi, protini ambayo seli za kinga hupashana nayo habari. Mimi natumia HPRT1 na PPIA kwa pamoja, na kabla ya kuziamini nazipima kwenye mida yote sita kuona kama zimetulia kwa watoa damu wangu. Weka pia kishimo kisicho na kimeng'enya cha kugeuzia. Kikiwaka, ujue una mabaki ya vinasaba.

Hesabu ni ya Livak na Schmittgen, 2001. Tuseme kwenye dakika 0 TNF imeonekana mzunguko wa 29 wa PCR, na HPRT1 mzunguko wa 25. Tofauti ni 4. Kwenye dakika 120 TNF imeonekana mzunguko wa 23, HPRT1 palepale 25. Tofauti ni hasi 2. Kutoka 4 hadi hasi 2 ni hatua 6, na kila hatua ni kuzidisha kwa mbili: mara 64. Namba ikiwa ndogo ndiyo jeni iko juu. Hili huwachanganya hata watu wazima. Na hesabu hii inafaa tu kama praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili wa PCR) zinazidisha kwa mbili kweli kila mzunguko. Zijaribu kwanza kwa nakala uliyoipunguza mara kumi kumi.

Sasa chora. NFKBIA na TNF zinatangulia, tayari zimepanda dakika ya 30 na 60. IL1B inafuata kwa karibu. IL6 inakokota miguu na kushika kasi dakika ya 120 hadi 240. CXCL10 huja na wimbi la pili, kwa sababu inangoja seli zitengeneze intafironi kwanza, ziitoe nje, kisha ziisikie zenyewe. IL10, ya kutuliza, iko nyuma. Ukiona CXCL10 iko juu tangu dakika ya 0, muulize tena mtoa damu kuhusu mafua, huenda alikuficha.

TNF itashuka kabla ya 480. Usidhani jaribio limeharibika. Nakala ya TNF ina mkia uliojaa herufi A na U, ambao ni kama muhuri wa "chana ukishasoma". Protini iitwayo TTP hushika mkia huo na kuipeleka nakala ikasagwe. Kwa hiyo nakala inaweza kupungua kwa sababu masjala imeacha kunakili, au kwa sababu mashine ya kuchana karatasi imeongezwa kasi, na PCR haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo. Ukitaka kuzitenganisha, weka aktinomaisini D ya kusimamisha unakili wote dakika ya 60 na nyingine dakika ya 240, kisha vuna kila dakika 15 uone nakala inaisha kwa kasi gani. Ni sumu kali, hivyo ifanye ukiwa umezoea.

Nyongeza mbili

Weka deksamethasoni nanomola 100 saa moja kabla ya kichocheo kwenye vishimo vya ziada vya 120. TNF na IL6 zitainama, lakini FKBP5 na TSC22D3 zitapanda. Wanafunzi hushangaa kwamba dawa ya kuzima nayo inawasha. Kipokezi chake huingia masjala kwa miguu yake, kinafungua mafaili yake ya kutuliza na kumzibia NF-κB njia. Mwaka 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kuwa miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa karibu theluthi miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumua. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. FKBP5 isipopanda kwenye pleti yako, dawa yako imeharibika, usiendelee kulaumu seli.

Ya pili inahitaji siku mbili, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Acha vishimo vinne kwenye kichocheo kwa saa 24, na vingine vinne bila kichocheo. Kesho yake vioshe vyote kwa upole, vipe midia mpya, vipumzike saa moja, kisha viwili katika kila kundi viwekee nanogramu 10 upya kwa dakika 120. Vile ambavyo jana havikuguswa vitapandisha TNF kama kawaida. Vile vya jana vitaipandisha kidogo mno, kama vile kengele imevikwa soksi, ingawa baadhi ya jeni za kupambana na bakteria bado zitawaka sawasawa. Kwa hiyo kwenye pleti hiyo usipime TNF peke yake. Ongeza TNFAIP3, jeni nyingine ya kumzuia NF-κB, na IL10, na kwenye vifuniko vya tyubu andika dakika mbili, ya jana na ya leo: 1440/120, 1440/0, 0/120, 0/0.